Kufuga Kamba Kando ya Ziwa Victoria, na kwa Nini Kreifishi Wabaki Naivasha

Mwenye bwawa la samaki Ahero, Nyakach, Bondo au Budalang'i, magharibi mwa Kenya, ana mtaji ambao wengi hawauhesabu, nao ni joto. Kamba mkubwa wa maji matamu, yule ambaye wataalamu humwita Macrobrachium rosenbergii, hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 31 za Selsiasi. Asili yake ni kusini na kusini mashariki mwa Asia. Wakulima wa Bangladesh, Thailand na Vietnam wanamfuga kwa wingi kwenye mabwawa yasiyotofautiana sana na ya kwetu.

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari ana bwawa la sato, hasa yale ya mita za mraba 300 yaliyochimbwa chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009. Mengi ya mabwawa hayo yamejaa magugu leo. Ushauri wangu ni kumfanya kamba zao la pili ndani ya bwawa la sato. Sipendekezi mtu aanze na kamba peke yake, na hesabu iliyo mbele itaonyesha sababu.

Jambo la kuelewa kabla ya kushika jembe

Jike wa kamba hutaga mayai kwenye maji matamu na kuyabeba chini ya mkia, lakini mabuu yakianguliwa hayaishi humo. Yanahitaji maji yenye chumvi kiasi, takriban gramu 12 kwa lita, sawa na lita moja ya maji ya bahari ikichanganywa na lita mbili hivi za maji ya kawaida. Jambo hili liligunduliwa na Shao-Wen Ling huko Penang, Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo mabuu yalikuwa yakifa tu na hakuna aliyejua sababu. Baada ya karibu mwezi mmoja wa kubadilika umbo mara kadhaa, mabuu huwa vifaranga, na hapo ndipo wanapoweza kurudi kwenye maji matamu.

Kwa mkulima wa Kisumu maana yake ni mbili. Kwanza, hata ukiona majike wako wamejaa mayai ya rangi ya machungwa, bwawa lako halitakupa kifaranga hata mmoja. Kila msimu utanunua mbegu. Pili, kamba akikuponyoka akaingia mto Nyando hadi ziwani, ataishi maisha yake mwenyewe na kizazi chake kitaishia hapo, kwa kuwa hakuna maji ya chumvi ya kulea watoto wake.

Kreifishi, ndugu wa kamba wa maji matamu mwenye magando makubwa, ni kinyume kabisa. Jike wa kreifishi huangua watoto walio kamili, wenye umbo la mama yao, kwenye maji matamu hayo hayo. Ndiyo maana watu humwona rahisi kufuga, na ndiyo maana ni hatari. Nitarudi kwake baada ya hatua mbili.

Hatua ya 1: Pima joto la maji

Nunua kipimajoto. Kwa wiki mbili, pima maji kwenye kina cha sentimita 30 saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, na uandike. Ikiwa alfajiri maji hayashuki chini ya nyuzi 24, una mahali pazuri. Kati ya 22 na 24 kamba ataishi lakini atakua polepole, na miezi sita itageuka minane. Chini ya hapo, usianze.

Mji wa Kisumu uko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mwambao wote kutoka Busia ya chini hadi Homa Bay na Migori haupishani nao sana. Kakamega iko juu zaidi, kama mita 1,500, na Kisii hukaribia 1,700. Huko bwawa la wazi ni la kubahatisha. Nakuru, penye mita 1,850 na usiku wa baridi, kamba huyu hafai nje ya nyumba ya karatasi ya plastiki, na sioni biashara ndogo inayoweza kubeba gharama hiyo.

Hatua ya 2: Kibali, kisha mbegu

Nenda kwa afisa wa uvuvi wa kaunti yako kabla ya kununua chochote. Kamba huyu si wa asili ya Kenya, na kumleta au kumhamisha mnyama hai wa majini kunahitaji idhini chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Mwulize pia kuhusu NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kituo cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, kilichopo Kisumu, na kile cha Sangoro upande wa Nyakach, vina watafiti wa ufugaji wa samaki. Waulize ni nani aliye na vifaranga halali. Usimpe pesa mtu anayekuahidi mbegu kwa simu bila karatasi. Uzuri wa kamba wa kutozaana ziwani hauzuii magonjwa anayoweza kuja nayo, kwa hiyo cheti cha afya ya mbegu ni muhimu kuliko bei yake.

Kreifishi: wale, wauze, lakini usiwavushe milima ya Mau wakiwa hai

Bara la Afrika halina kreifishi wa asili. Wa asili wapo Madagaska pekee. Wale wekundu wa Naivasha, Procambarus clarkii, kwao ni kusini mwa Marekani na kaskazini mashariki mwa Meksiko. Waliingizwa Naivasha mwaka 1970 wakitokea Uganda, na kabla ya muongo huo kwisha walikuwa wakivuliwa na kusafirishwa Ulaya. Wakati huo huo walikuwa wakila. Mimea iliyokuwa chini ya maji ya ziwa na mayungiyungi yaliyoelea juu yalipungua vibaya kufikia mapema miaka ya 1980, na watafiti waliolifuatilia ziwa hilo wamewahesabu kreifishi miongoni mwa sababu kuu.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka kwenda baharini wala Ziwa Victoria. Ukipanda kutoka Nakuru hadi Mau Summit na kuanza kuteremka Kericho, umevuka mgawanyiko wa maji: Sondu, Nyando na Mara yote huelekea Ziwa Victoria. Ndoo moja ya kreifishi hai iliyopakiwa kwenye matatu ya Kisumu inavuka kizuizi ambacho mnyama huyo asingekivuka kwa miguu yake. Kreifishi huchimba mashimo kwenye kingo, hutembea nchi kavu usiku wa mvua, na hula karibu kila kitu. Fikiria matuta ya mpunga ya Ahero na West Kano. Fikiria maficho ya vifaranga vya ngege, samaki wa jamii ya sato, kwenye majani ya pembeni mwa ziwa. Ndugu zetu wa Zambia na Zimbabwe wanapambana leo na kreifishi mwingine, wa Australia, aliyetoka kwenye mashamba ya samaki akaenea mto Kafue na Ziwa Kariba. Hakuna aliyefanikiwa kumrudisha.

Nimesikia watu wakitaka kreifishi kwa sababu wanakula konokono wa kichocho. Wanawala kweli, majaribio yaliwahi kufanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 1999. Lakini kamba nao hula konokono. Nchini Senegal, bwawa la Diama lililokamilika mwaka 1986 lilikatiza safari ya kamba wa huko kwenda kuzaa kwenye maji ya chumvi, kichocho kikalipuka. Watafiti waliporudisha kamba kwenye eneo la maji la kijiji kimoja, konokono na maambukizi vilipungua. Kwa hiyo faida hiyo unaweza kuitafuta bila kuhatarisha ziwa.

Kama uko upande wa Naivasha na una leseni kupitia BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo wako, wavue kwa mitego yenye chambo, wakeshe kwenye maji safi ili watoe uchafu wa tumboni, wachemshe, wagandishe, na uwauze Kisumu, Nakuru au Nairobi kama chakula. Kreifishi aliyechemshwa hana madhara kwa ziwa lolote.

Hatua ya 3: Tayarisha bwawa

Toa maji yote na ulikaushe bwawa mpaka sakafu ipasuke nyufa. Ondoa tope jeusi linalonuka, kwa sababu kamba huishi sakafuni na tope hilo hula oksijeni palepale alipo. Kwenye udongo mweusi wa Kano nyufa huwa pana sana; ukijaza maji, yajaze taratibu na ushindilie kingo, la sivyo yatapotea kwa siku za kwanza.

Chunguza mashimo ya sakafuni. Kamongo huweza kujificha kwenye tope lililokauka miezi mingi, na mvua ikirudi yupo, tena anapenda sana wanyama wenye magamba. Mumi, yaani kambare, naye ni adui. Mwondoe kila mmoja.

Udongo wa Vihiga, Kakamega na sehemu kubwa za Siaya una asidi. Kamba hujenga gamba jipya mara kwa mara na anahitaji kalsiamu majini. Nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 30 kwa bwawa la mita 300, sakafuni na kwenye kuta za ndani. Chokaa hiyo huchimbwa Koru, kwa hiyo haitoki mbali. Lengo ni maji yenye pH (kipimo cha asidi) kati ya 7 na 8.5.

Kina cha wastani kiwe sentimita 90, mwisho mmoja ukishuka hadi mita 1.2 penye bomba la kutolea maji. Mdomo wa maji yaingiayo uwe na wavu wa tundu dogo kuzuia mayai na watoto wa samaki wa porini. Baada ya kujaza, weka kilo 15 za samadi kavu ya kuku na usubiri maji yapate rangi ya kijani hafifu.

Hatua ya 4: Sumu, hasa chandarua

Hapa ndipo naomba usome polepole. Dawa za kundi la pairethroidi, zinazotumiwa kutia vyandarua vya mbu, kunyunyizia viwavijeshi kwenye mahindi na kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, huua kamba kwa kiasi kidogo mno. Sato anaweza kustahimili kipimo ambacho kamba hamalizi nacho usiku. Magharibi mwa Kenya nyumba nyingi zina chandarua kilichotiwa dawa, na wafugaji wengi wamewahi kuona kikuukuu kimefunikwa juu ya bwawa au kwenye mdomo wa bomba. Kwa kamba, usithubutu, hata kama kimefuliwa mara nyingi. Nunua wavu mpya usio na dawa.

Tembea pia juu ya bwawa lako ujue maji ya mvua yanatoka wapi. Kama yanapita kwenye josho au shamba la jirani anayepulizia, chimba mfereji wa kuyakinga. Ongea na jirani huyo mapema, kwa heshima, akujulishe siku ya kupulizia ili ufunge maji.

Hatua ya 5: Lea vifaranga kwanza

Kifaranga anayetoka kituoni ana uzito usiofika hata sehemu ya kumi ya gramu. Ukimtupa moja kwa moja bwawani, mabuu ya kereng'ende na vyura watamaliza wengi. Mlee mwezi mmoja hadi miwili kwenye "hapa", yaani kizimba cha wavu mpya kilichosimikwa ndani ya bwawa, au kwenye tangi, mpaka afikie theluthi au nusu ya gramu.

Vifaranga husafirishwa usiku ndani ya mifuko yenye oksijeni. Wakifika, ielee mifuko majini nusu saa bila kuifungua, kisha ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo kwa nusu saa nyingine. Fanya hivyo alfajiri au jioni. Haraka ya dakika kumi hapa huua wengi kuliko ndege wa msimu mzima.

Kwa bwawa la mita 300 lenye sato, weka kamba 900 hadi 1,200, yaani watatu au wanne kwa kila mita, na sato madume 300. Sato waingie baada ya kamba kupata nguvu. Mimi napendelea vifaranga waletwe Julai, wahamishiwe bwawani Agosti baridi inapopungua, ili wakubwa wa kwanza wawe tayari Desemba na joto la Januari na Februari liwakuze waliosalia kabla ya mvua za masika.

Hatua ya 6: Maficho

Kamba hukua kwa kujivua gamba, na saa chache baada ya kujivua mwili wake ni laini na hawezi kujitetea. Wenzake watamla. Madume wakubwa pia hulinda eneo na kuwadumaza wadogo. Dawa ya yote mawili ni nafasi ya kujificha: matawi makavu yaliyofungwa mafungu, vipande vya mianzi, matofali yenye matundu, mabomba ya plastiki, nyavu mpya zilizotundikwa wima. Yapange kwa safu ukiacha njia katikati ya kukokota wavu. Epuka matawi mabichi yanayooza, na mti wowote ambao wazee wa kwenu huutumia kulevya samaki.

Hatua ya 7: Chakula

Kamba hula sakafuni na usiku. Chembechembe zinazoelea ni za sato, wape asubuhi. Jioni, giza likianza, weka chakula kinachozama, ukikisambaza kando kando ya bwawa.

Unaweza kukitengeneza nyumbani: sehemu 40 za pumba za mchele, 25 za mashudu ya alizeti, 25 za ochong'a, na 10 za unga wa mhogo uliopikwa uwe uji mzito wa kushikiza. Kanda, pitisha kwenye mashine ya kusaga nyama, anika juani. Mchanganyiko huo hutoa takriban asilimia 25 ya protini au zaidi kidogo. Nachagua ochong'a, uduvi wadogo wa ziwa letu, kuliko omena, kwa kuwa omena ni kitoweo cha watu na bei yake hupanda upesi. Chochote chenye ukungu kitupe.

Kiasi ni asilimia 5 ya uzito wa kamba wote kwa siku, ukipunguza hadi 3 wanapokua. Kamba 1,000 wa gramu 10 ni kilo 10, kwa hiyo nusu kilo. Tumia sinia: lizamishe na chakula kidogo, litazame asubuhi. Kikibaki, punguza.

Hatua ya 8: Maji kila siku

Zamisha mkono hadi kiwiko. Ukishindwa kuona kiganja chako, maji yako sawa. Yakificha mkono kabla ya kufika nusu ya kigasha, mwani umezidi, acha samadi na uongeze maji mapya. Ukiona kamba wamejipanga ukingoni alfajiri, au wanapanda kwenye majani, oksijeni imekwisha. Fungulia maji mara moja, yarushe kwa pampu au ndoo, na usilishe siku hiyo. Hutokea zaidi baada ya siku kadhaa za mawingu.

Mvua kubwa ya usiku ikiingiza maji mapya, kamba huweza kupanda kuelekea yanakotoka na kutembea nje. Zungusha karatasi ya plastiki ya kimo cha sentimita 40. Ukuta huo huchelewesha kenge pia. Mnandi na fisi-maji watahitaji nyuzi na mbwa.

Hatua ya 9: Kuvuna kwa kuchagua

Kuanzia mwezi wa nne au wa tano tangu uwahamishie bwawani utaona kamba wasiolingana hata kidogo. Wapo madume wachache wenye magando marefu ya buluu, wa kati wenye magando ya rangi ya machungwa, na wengi wadogo. Kokota wavu wa tundu kubwa uwatoe wale wa buluu. Wao wameshaacha kukua, na wakiondoka wa chini yao huharakisha kuchukua nafasi. Rudia kila wiki mbili au tatu, kisha mwezi wa sita au wa saba utoe maji yote.

Sasa hesabu niliyoahidi. Ukiweka 1,200 na wakasalia 650, kwa wastani wa gramu 30, una kilo 19 na nusu. Mwenye kukuahidi kilo mia kutoka bwawa la mita 300 hajawahi kulitoa maji. Kilo 20 za kamba juu ya mavuno yako ya sato ni pesa nzuri. Peke yake hazilipi umeme, mlinzi na mbegu.

Hatua ya 10: Barafu

Kichwani mwa kamba mna vimeng'enya vinavyoanza kulainisha nyama akishakufa, na mnunuzi wa hoteli akiuma nyama ya unga harudi. Agiza barafu siku moja kabla, kutoka kwa wanaohudumia wachuuzi wa samaki kwenye fuo kama Dunga. Tia kamba wakiwa hai kwenye maji yaliyojaa barafu. Hufa upesi na nyama hubaki imara. Wasafishe, wapange barafu na kamba kwa tabaka kwenye kisanduku kinachotoa maji chini. Kama hawatauzwa siku hiyo au kesho yake, kata vichwa.

Tafuta wanunuzi kabla ya kukokota wavu: hoteli za Kisumu, migahawa ya Wahindi, na familia zinazopenda kamba lakini zimezoea waliogandishwa kutoka Pwani. Wapelekee wachache wa mavuno ya Desemba waonje, na ukubaliane bei kwa kilo, wakiwa na vichwa au bila. Andika uzito, idadi na joto la maji la kila mwezi kwenye daftari moja. Mwezi wa Julai utakapoagiza tena vifaranga, hayo ndiyo yatakayokuambia uagize wangapi.